Tumbo na Neva Zake: Maswali na Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maswali yaliyotufikia kuhusu tumbo yalikuwa mengi, na tumeyafupisha. La mwalimu limetangulia kwa sababu majibu karibu yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Mwalimu wa sayansi, Mtwara Mjini: Wanafunzi wananiuliza kama ni kweli utumbo una ubongo wake. Niwaambie nini?

Wakumbushe mbuzi wa Idi. Utumbo ukishatolewa na kuwekwa kwenye beseni, bado unajinyonga: mahali pamoja panajikaza, mbele yake panalegea, wimbi linasogea, linakufa, linaanza jingine. Kichwa kimeshatengwa, uti wa mgongo umeshakatwa, na kazi inaendelea kwa muda mpaka oksijeni iliyobaki ndani ya nyama iishe. Hakuna anayeutuma.

Zinazofanya kazi pale ni neva za utumbo wenyewe. Ukuta wake una tabaka mbili za misuli: ya nje imelala kwa urefu, ya ndani imezunguka kama pete. Kati ya tabaka hizo kuna wavu wa neva unaoitwa kwa jina la Mjerumani Leopold Auerbach, na huo ndio unaoongoza misukumo. Wavu wa pili, wa Georg Meissner, uko ndani zaidi, chini ya utando unaogusana na chakula. Huo husimamia majimaji, yaani kiasi gani kimwagwe ndani ya utumbo na kiasi gani kinyonywe kirudi mwilini, pamoja na mtiririko wa damu. Nyavu zote mbili zinakadiriwa kuwa na seli za neva kati ya milioni 100 na milioni 500.

Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, London, waliweka tonge ndani ya utumbo wa mbwa ambaye neva zote zinazoingia kutoka nje zilikuwa zimekatwa. Utumbo ulijikaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, na tonge likasonga kuelekea chini. Mwalimu anaweza kuwafafanulia hivi: kuta za utumbo zinahisi kuwa zimetanuka, neva za palepale zinaamua, misuli inatii. Mdundo wenyewe hutoka kwenye seli maalumu zinazoitwa seli za Cajal, zinazopiga mara 3 kwa dakika tumboni, mara 12 mwanzoni mwa utumbo mwembamba na mara 8 au 9 mwishoni mwake.

Neno "ubongo" tungelitumia kwa tahadhari, maana utumbo hauogopi wala haukumbuki jina la mtu. Lakini ubongo wa kichwani unauongezea au kuupunguzia kasi kwa njia mbili. Ya kwanza ni neva inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka chini ya ubongo kupitia shingoni, pamoja na neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo eneo la nyonga. Hizi kwa kawaida huchochea usagaji. Ya pili ni neva zinazotoka uti wa mgongo kuanzia usawa wa kifua hadi kiunoni, ambazo hukandamiza breki. Na hili huwashangaza wengi: takriban asilimia 80 ya nyuzi za vagasi hazipeleki amri chini. Zinapandisha habari juu, kutoka tumboni kwenda kichwani.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Masasi: Shikamoo daktari. Kila mtihani ukikaribia tumbo linanikata, naenda chooni mara tatu au nne kabla ya kuingia darasani. Siku nyingine sina tatizo. Mama anasema ni uoga, lakini mimi naumwa kweli.

Marahaba. Unaumwa kweli, na mama naye hajakosea. Mwaka 1898 Mmarekani Walter Cannon alimtazama paka kwa miale ya eksirei akisaga chakula. Paka alipotaharuki, mawimbi ya tumbo yalisimama papo hapo. Kwa binadamu hofu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Tumbo la juu husimama, ndiyo maana chai ya asubuhi inakaa kifuani na unasikia kichefuchefu. Utumbo mpana, kinyume chake, hupokea amri ya kusukuma haraka, na choo kinapita kabla maji hayajanyonywa.

Siku ya mtihani amka mapema upate saa mbili kabla ya kuingia. Kula chakula chepesi, uji au mkate na yai, na uache chai ya rangi nzito na kahawa kwa sababu nazo huharakisha utumbo mpana. Kisha keti, vuta pumzi taratibu kwa puani ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6, na endelea hivyo kwa dakika 5 hadi 10. Kutoa pumzi polepole huamsha vagasi na kupunguza breki. Anza kufanya hivyo wiki mbili kabla ili mwili uwe umezoea. Vidonge vya kuzuia kuhara visiwe tabia.

Lakini kama choo kina damu, kama unaharisha usiku mpaka unaamka usingizini, kama unapungua uzito au una homa, hapo mtihani hauhusiki. Nenda upimwe choo.

Msomaji, Kilwa Kivinje: Nikiwa nimefunga, mchana tumbo linanguruma kwa vipindi, linatulia, halafu linaanza tena. Ni vidonda vya tumbo?

Kunguruma peke yake si dalili ya vidonda. Tumbo likiwa tupu, neva za utumbo huanzisha zamu ya kufagia: kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, wimbi kali linaanzia tumboni na kushuka polepole mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Kipindi chake kikali hudumu dakika 5 hadi 10, na hapo ndipo hewa na maji yaliyobaki yanaposukumwa na kutoa ule mlio. Mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria husombwa kuelekea utumbo mpana. Ukila hata kidogo, zamu inakatizwa, kwa hiyo mtu anayetafuna kutwa nzima hampi mfagiaji nafasi.

Wakati wa kufuturu, mpe vagasi muda wa kulilegeza tumbo. Tumbo tupu lina nafasi ndogo mno, na hutanuka mpaka lita moja au zaidi pale tu neva zinapoliruhusu. Tende na maji kwanza, uji, kisha subiri dakika 10 hadi 15 kabla ya futari nzito. Wanaoanza na sambusa na kachori hujaa na kucheua kwa sababu mafuta yakifika utumbo mwembamba, neva na homoni huliamuru tumbo lifunge mlango wake wa chini. Maumivu ya moto chini ya kifua yanayokuamsha usiku, au choo cheusi kama lami, hayo ndiyo ya kumpelekea daktari.

Mfanyabiashara wa samaki wakavu, Lindi: Nasafiri Dar es Salaam mara mbili kwa wiki. Basi linaondoka alfajiri, nabana haja mpaka tufike. Sasa hata nikiwa nyumbani sipati choo siku nne, tano, na kikija ni kigumu kama mawe. Nimekunywa dawa za kuendesha mpaka zimezoea. Nifanyeje?

Swali hili limekuja kwa sura mbalimbali kutoka kwa madereva, walimu na wauguzi, kwa hiyo tunalijibu kwa kirefu.

Kinyesi kikifika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kuta zake hutanuka na neva hutuma habari mbili. Moja inaishia palepale: pete ya ndani ya njia ya haja kubwa inalegea yenyewe, bila wewe kuamua. Nyingine inapanda mpaka ubongoni, nawe unasikia haja. Pete ya nje ndiyo iliyo chini ya amri yako. Ukiibana, kwa dakika chache wimbi linapita, puru inalegea kidogo, kinyesi kinarudishwa juu na haja inapotea. Umeshinda kwa wakati huo. Lakini kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, na kinyesi kilichosubiri saa kumi zaidi kimekauka saa kumi zaidi. Ukirudia hivyo kwa miezi, puru inazoea kuwa imejaa, na neva zake zinahitaji mzigo mkubwa zaidi ndipo zitoe taarifa. Hapo ndipo ulipofika: haja haikuiti tena.

Dawa yake kuu ni saa. Utumbo mpana una misukumo mikubwa michache tu kwa siku, na iliyo mikali zaidi huja baada ya kuamka na baada ya kula, kwa sababu tumbo likitanuka neva hupeleka habari chini kwamba nafasi inatakiwa. Basi kwa wiki sita fanya hivi kila siku, hata siku usiyosikia haja. Amka, kunywa bilauri moja au mbili za maji au chai ya moto, kula, na dakika 20 hadi 30 baadaye nenda chooni. Kaa dakika 5 hadi 10, usizidishe, na usikamue kwa nguvu. Siku ya safari amka saa moja na nusu kabla ya basi. Ni mapema, tunajua, lakini hiyo ndiyo tiba.

Choo cha kuchuchumaa kinakufaa kuliko cha kukalia. Ukiwa umeketi kawaida, msuli mmoja umeikunja njia karibu pembe mraba, kama mpira wa maji uliopindwa. Ukichuchumaa, kona hiyo inanyooka. Kama nyumbani mna choo cha kukalia, weka kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu, inama mbele, viwiko juu ya mapaja. Kujikaza huku umebana pumzi kunafanya watu wengi wakaze pete ya nje bila kujua, na hapo mtu anasukuma mlango alioufunga mwenyewe. Toa pumzi, achia tumbo litanuke.

Chakula nacho. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva hutoa takriban gramu 11, na huku kwetu mbaazi si kitu cha kutafuta. Ongeza kisamvu, dona badala ya sembe, papai. Ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili, la sivyo gesi itakutesa, na kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji huongeza ugumu.

Dawa za kuendesha za aina ya sena na bisakodili hufanya kazi kwa kuzichokoza neva za utumbo. Hazikatazwi kwa siku chache, lakini kuzinywa kila wiki huku unaendelea kubana haja ni kumpiga punda uliyemfunga mguu. Angalia pia dawa nyingine unazotumia: zenye kodeini hulaza neva za Auerbach, vidonge vya madini chuma navyo hukausha choo. Na ndani ya basi usione haya kumwambia kondakta. Linaposimama Nangurukuru, shuka uende, hata kama haja ni ndogo.

Ukiona damu, choo kilichokuwa cha kawaida kimebadilika ghafla nawe umevuka miaka 50, tumbo limevimba na huwezi hata kutoa hewa, au ganzi kati ya mapaja pamoja na mkojo kukwama, usisubiri wiki sita. Hilo la mwisho ni la neva za uti wa mgongo na ni la dharura siku hiyohiyo.

Mkulima wa korosho, Tandahimba: Mwaka jana tulipiga dawa ya wadudu, jioni mwenzangu akaanza kutoka mate mengi, tumbo likamkata, akatapika na kuharisha. Tulidhani ni chakula. Tulimpa maziwa. Kituo cha afya wakasema ni sumu ya dawa. Dawa ya mkorosho inaingiaje tumboni wakati hakuinywa?

Iliingia kwa ngozi na pumzi, na haikuligusa tumbo moja kwa moja. Iligusa mawasiliano ya neva.

Neva inapotaka utumbo ujikaze, humwaga kemikali inayoitwa asetilikolini kwenye msuli. Msuli unajikaza, kisha kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi kinaivunja asetilikolini ile mara moja ili msuli upumzike. Dawa za wadudu za kundi la oganofosfati, na zile za kabamati, hukifunga kimeng'enya hicho. Amri inatolewa na haifutwi. Utumbo unajikaza bila kupumzika, tezi za mate, machozi na jasho zinamwaga bila kikomo, mboni za macho zinasinyaa mpaka kuwa kama kichwa cha pini, mkojo unatoka, moyo unapunguza kasi, misuli inachezacheza. Kinachoua ni kifua: mapafu yanajaa majimaji na misuli ya kupumua inachoka. Kuharisha ni ishara tu.

Tofautisha dawa zenu. Salfa mnayopuliza kwa ubwiriunga huwasha macho, ngozi na kifua, lakini haigusi kimeng'enya hiki. Hatari tunayoisema iko kwenye baadhi ya viuatilifu vya wadudu, wakiwamo mbu wa mikorosho. Soma kibandiko utafute kundi la dawa. Ukikuta maelezo ya daktari yanayotaja atropini, yaani dawa ya kutibu sumu hii, umeshajua unashika nini.

Dalili huanza ndani ya dakika chache ikiwa sumu imevutwa au kumezwa, na saa kadhaa baadaye, mara nyingine mpaka usiku, ikiwa imepita kwenye ngozi. Ndiyo maana watu husingizia chakula cha jioni. Mtu aliyepigwa na jua huwa na mdomo mkavu. Huyu mate yanamtiririka. Tazama na macho: mboni ndogo mno wakati wa jioni, mwanga ukiwa hafifu, si jambo la kawaida.

Mkimwona mtu hivyo, mtoeni shambani. Mvueni nguo zote pamoja na viatu na mkanda, kwa sababu nguo zilizolowa zinaendelea kumpa sumu njia nzima ya kwenda hospitali. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, chini ya kucha, makwapani na kinenani. Macho yasafishwe kwa maji matupu dakika 15. Anayeosha avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, maana tumeshaona hospitali inapokea wagonjwa wawili badala ya mmoja. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, uso ukielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke. Msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta: hayaondoi sumu, na kwa mtu anayelegea yanaingia mapafuni. Bebeni kopo au picha ya kibandiko. Hospitalini atadungwa atropini, ambayo huziba masikio ya misuli na tezi zisiisikie asetilikolini, na dozi huongezwa kila dakika 5 hivi mpaka kifua kikauke na mapigo ya moyo yapande. Hata akipata nafuu asikimbilie kurudi nyumbani, kwa sababu udhaifu wa misuli ya shingo na kifua unaweza kuja siku moja hadi nne baadaye.

Jambo moja la karibu sana ambalo tungependa mlikague leo: bomba la mgongoni. Mfuniko ukiwa na mpira uliochakaa, dawa inachuruzika mgongoni na kushuka mpaka kiunoni na kinenani, na ngozi ya korodani hupitisha sumu mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono. Mtu anafanya kazi saa tatu akidhani ni jasho. Kabla ya kuweka dawa, jaza maji matupu, funga, inama mbele na upande, kisha papasa mgongoni. Ikiwa pamelowa, badilisha mpira kwanza.

Bibi, Ruangwa: Mjukuu wangu ana siku tatu, hajapata choo tangu azaliwe, tumbo limejaa na anatapika kijani. Wapo wanaosema tumpe maji ya sukari tungoje.

Shikamoo bibi. Msingoje na msimpe kitu. Mpelekeni hospitali leo, na kama kituo cha karibu hakina daktari wa upasuaji, waombeni rufaa ya Hospitali ya Mkoa ya Sokoine.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake hupata kile choo cheusi cha kunata ndani ya saa 24, na karibu wote ndani ya saa 48. Asipokipata, mojawapo ya sababu ni ugonjwa unaoitwa Hirschsprung, wa daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, wa kiume zaidi. Mimba ikiwa changa, seli zitakazokuwa neva za utumbo huanza safari upande wa shingoni na kutembea ndani ya ukuta wa utumbo kuelekea chini, na hufika mwisho wiki ya saba hivi. Zikikwama njiani, kipande cha mwisho kinabaki bila neva. Misuli ipo, lakini hakuna wa kuiambia ilegee, nayo inabaki imebana. Kinyesi kinasimama juu yake na utumbo unavimba.

Matapishi ya kijani yana maana kwamba njia imeziba, kwa ugonjwa huu au kwa mwingine kama utumbo uliojisokota, nayo ni dharura yenyewe. Hirschsprung huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo cha puru na kutafuta seli za neva kwa darubini. Tiba ni kuondoa kipande kisicho na neva na kuuvuta utumbo wenye neva mpaka chini, kazi ya madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto kama wa Muhimbili. Hatari ya kuchelewa ni utumbo kuoza na sumu kuingia kwenye damu.

Kwa akina mama wengine wasishtuke bure: mtoto wa mwezi mmoja na zaidi anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyepata choo vizuri siku za kwanza, anaweza kukaa siku tano au hata wiki bila choo, na kikija kikawa laini. Huyo tumbo lake ni laini, ananyonya na anaongezeka uzito.

Mzee mwenye kisukari kwa miaka 18, Nachingwea: Nakula matonge matatu nimeshiba. Asubuhi natapika ugali wa jana mchana. Sukari inashuka mara tu baada ya kula, kisha usiku inapanda.

Shikamoo mzee wetu. Sukari iliyokuwa juu kwa miaka mingi huharibu nyuzi za vagasi na seli za Cajal, na tumbo linapoteza nguvu ya kusaga na kumwaga. Kwa kawaida mlo mgumu huwa umetoka karibu wote baada ya saa nne. Wako unalala humo. Insulini unayojidunga kabla ya kula inafanya kazi wakati ugali bado haujashuka, ndipo sukari inaporomoka. Usiku chakula kinapofika, insulini imeshakwisha.

Daktari atataka kwanza kuhakikisha kwamba mlango wa chini wa tumbo haujaziba kwa kovu la kidonda au uvimbe, kwa kipimo cha kamera. Kisha mzungumze kuhusu kubadilisha saa ya insulini. Usiibadilishe peke yako. Kwa chakula, hapa ushauri unageuka kinyume na tuliompa mfanyabiashara wa Lindi: nyuzinyuzi nyingi na mafuta mengi vitakuzidishia. Acha kwa sasa ming'oko, kisamvu kigumu na korosho za kukaanga. Milo midogo mitano au sita, vitu laini: uji uliochujwa, samaki wa kuchemsha, viazi vilivyopondwa, supu. Tumbo lisiloweza kusaga bado linaweza kupitisha majimaji. Baada ya kula tembea kidogo, na usilale kabla ya saa mbili kupita. Dawa za kusukuma tumbo zipo, lakini ile inayouzwa sana, metoklopramidi, ikitumika muda mrefu inaweza kuacha ulimi na mdomo vikicheza vyenyewe, kwa hiyo isiwe ya kujinunulia.

Mama wa watoto wawili, Lindi Mjini: Kwa nini duka la dawa lilikataa kuniuzia loperamidi kwa mtoto wa mwaka mmoja anayeharisha?

Walifanya vizuri. Dawa hiyo hulaza wavu wa Auerbach. Utumbo unaacha kusukuma lakini majimaji yanaendelea kumwagika ndani, nawe huyaoni tena. Kwa mtoto mdogo utumbo unaweza kupooza kabisa na tumbo kujaa. Kwa mtu yeyote anayeharisha damu, hufungia vijidudu ndani.

Mpe ORS: pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi, mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, kwa kijiko, akitapika ngoja dakika 10 uendelee polepole zaidi. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita ni miligramu 10. Endelea kumnyonyesha.

Kijana, Newala: Kidole tumbo kiko kulia chini. Kwa nini kaka yangu alianza kuumwa kitovuni, tukachelewa kumpeleka?

Kwa sababu utumbo hauna ramani ya mahali. Ukiukata au kuuchoma hausikii chochote. Unasikia kutanuka na kukosa damu tu. Neva zinazobeba maumivu ya kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo ngazi ileile ya neva za ngozi ya kitovu, na ubongo unaamini kitovu ndicho kinachouma. Maumivu hayo ni mazito, hayana ncha, mgonjwa hawezi kuonyesha kwa kidole kimoja, anafungua kiganja na kukizungusha. Saa 12 hadi 24 baadaye uvimbe unagusa utando wa ndani ya ukuta wa tumbo, ambao una neva zake zenye ramani kamili. Hapo maumivu yanahamia kulia chini na mgonjwa anaonyesha kwa kidole.

Maumivu yaliyoanza kitovuni, yakahama, hamu ya kula ikapotea na homa ndogo ikaja, yanatosha kumpeleka hospitali. Mwambie akohoe au aruke kidogo: akishika upande wa kulia kwa maumivu, msimpe chakula, msimpe dawa ya kuendesha, msimkande kwa maji ya moto. Na yakipoa ghafla bila tiba, kisha tumbo likakaza kama ubao na homa ikapanda, kidole tumbo kimepasuka na kilichokuwa kimetanuka hakijatanuka tena. Watu wengi hulala wakati huo wakidhani amepona. Huo ndio usiku wa kutafuta gari.